Wanne Walioandikwa Kuwa Wamejitoa

Hospitalini walimwita Mama Barafu, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtunza sampuli wa maabara ya utafiti wa ubongo, chumba kirefu chenye madirisha membamba na friza nne zilizokuwa zikinguruma mchana kutwa kama wazee wenye mafua. Ndani ya friza hizo, kwenye baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, kulikuwa na vipande vya ubongo na vya uvimbe visivyozidi punje ya mchele. Kila kipande kilikuwa na kichupa chake, kila kichupa na namba yake, na kila namba na mstari wake katika daftari kubwa la jalada jeusi. Kompyuta ilikuwepo, lakini yeye aliamini wino. Umeme ukikatika, jenereta ilikuwa imeshawaka kabla mlinzi hajanyanyuka kitini. Katika miaka yote hiyo hakupoteza kichupa hata kimoja, na jambo hilo alipenda lijulikane.

Mumewe alikuwa kinyozi. Wateja walipomuuliza mkewe anafanya kazi gani, aliwajibu kwamba wao wawili wamegawana vichwa: yeye kachukua nje, mkewe kachukua ndani.

Maabara ile iliongozwa na Profesa mmoja mpole wa sauti, aliyekuwa akitafuta jibu la swali moja: kwa nini ubongo huvimba kuuzunguka uvimbe? Watu wengi hudhani kinachomuumiza mgonjwa ni ukubwa wa uvimbe wenyewe. Mama Barafu alikuwa ameona picha za vichwa ambamo uvimbe ni kama punje ya mahindi, lakini ubongo wa kando yake umejaa maji mpaka umesukumwa upande. Alikuwa ameona pia uvimbe wa ukubwa wa yai, na ubongo uliouzunguka umetulia kama hakuna kitu.

Wagonjwa walipomuuliza, aliwaeleza hivi. Uvimbe haukai kimya. Seli zake humwaga protini ndogo ndogo ziitwazo kemokini, na kazi ya kemokini ni kuita. Seli nyeupe za damu zikiusikia wito huo huja mbio, kama mtaa mzima uliosikia yowe la mwizi. Hujipenyeza kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, kuta zinalegea, maji yanavuja na kuingia kwenye ubongo. Na fuvu ni mfupa. Halina pa kutanukia.

Dawa ya kupunguza maji hayo ilikuwepo tangu zamani, vidonge vya steroidi, lakini ilikuwa dawa yenye masharti makali. Ilimvimbisha mgonjwa uso, ikampandisha sukari, ikamdhoofisha mifupa na kumnyima usingizi. Profesa alikuja na kidonge kipya. Chenyewe kiliziba masikio ya seli nyeupe, zisiusikie wito wa kemokini moja maalumu. Wagonjwa arobaini walikubali kukijaribu. Kila mmoja alipaswa kukimeza kwa wiki tatu kabla ya kupasuliwa, na siku ya upasuaji vipande viwili vilishushwa maabara: kimoja cha uvimbe, kingine cha ubongo wa kando yake. Mama Barafu alivipokea, akaviandika, akaviweka kwenye baridi. Mwaka wa kwanza wa majaribio ulipoisha, taarifa ilibandikwa ukutani ikisema kidonge kinafanya kazi, na watu wakapeana mikono kwenye korido.

Jumanne moja asubuhi, mwanamume mmoja alisimama kwenye dirisha la kupokelea sampuli. Alikuwa mwashi, saruji ilikuwa imekaukia kwenye kucha zake, na viatu vyake aliviacha mlangoni asichafue sakafu, ingawa hakuna aliyemwambia. Mkononi alikuwa na barua ya hospitali. Alikuwa ameshazungushwa ofisi tatu. Kila alipofika aliambiwa aende kwingine, mpaka mfagizi alipomhurumia na kumwelekeza kwa mama mwenye daftari.

"Dada, nina neno moja tu nataka nielezwe," alisema. "Kujitoa. Kwenu hapa maana yake nini?"

Mama Barafu alimjibu kwamba ni pale mgonjwa anaposema hataki kuendelea na utafiti, na ni haki yake, haulizwi sababu.

Mwashi akaisukuma barua chini ya kioo. Ilisema kwamba mshiriki namba ishirini na mbili alijitoa kwa hiari yake mwezi wa tatu, na hospitali inamshukuru kwa mchango wake.

"Huyo ni dada yangu," alisema. "Hakusema hataki kuendelea. Siku hiyo alikuwa hawezi kusema chochote. Nilimtoa kitandani mikononi mwangu nikamtia kwenye gari kuja hapa, na kidonge cha asubuhi alikuwa amekimeza, kwa sababu mimi ndiye niliyempa, na maji. Siku mbili baadaye tukamzika. Sasa nielewesheni. Alijitoa saa ngapi?"

Hakupaza sauti. Aliyasema yote hayo kama mtu anayepima ukuta kwa timazi.

Mama Barafu alimkumbuka yule dada. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu. Wiki ya kwanza alipokuja kutolewa damu aliona pindo la koti la Mama Barafu limefumuka, akatoa sindano kwenye mkoba na kulishona palepale, huku mkono mwingine ukiwa bado na pamba. Mama Barafu alifungua daftari. Mstari ulikuwepo kwa mwandiko wake mwenyewe: namba ishirini na mbili, upasuaji wa dharura, siku ya kumi na sita ya dawa, vipande viwili, vimepokelewa saa saba na dakika kumi mchana.

Mtu hawezi kujitoa na wakati huohuo kichwa chake kiko mezani kwa mpasuaji. Alimwomba mwashi amwachie nakala ya barua na namba ya simu, akamwahidi atampigia. Mwashi alimtazama kwa jicho la mtu aliyeahidiwa sana, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Alipokwenda kuitazama ile taarifa ya ukutani kwa makini, kidole kikishuka mstari kwa mstari, namba ishirini na mbili haikuwemo. Tisa haikuwemo. Kumi na nne haikuwemo. Thelathini na moja haikuwemo. Alirudi kwenye daftari. Wote wanne walikuwa wamepasuliwa kwa dharura, wote kati ya siku ya kumi na mbili na ya kumi na tisa ya kumeza kidonge. Wawili walikufa. Wawili waliishi, lakini si kama walivyokuwa. Taarifa ilisema wagonjwa thelathini na mmoja walimaliza dawa na hakuna aliyezidiwa.

Mtu wa kwanza aliyemwendea alikuwa mtakwimu, mzee mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye watu walimwita Bwana Asilimia kwa sababu hata ukimuuliza hali alijibu kwa hesabu. Siku hiyo hakumjibu kwa hesabu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema yeye alihesabu alicholetewa. Orodha ilitoka juu na wale wanne tayari wameandikwa kuwa wamejitoa, naye kazi yake si kupiga simu majumbani kwa watu.

"Ulipopasoma pale, hapakukukera?" Mama Barafu alimuuliza.

"Palinikera," alisema Bwana Asilimia. "Nikaendelea."

Mama Barafu alitoka pale damu inampanda. Ofisi ya Profesa ilikuwa ghorofa ya juu, na hakusubiri lifti. Profesa alimkaribisha kwa jina la mama, akamvutia kiti, akamuuliza hali ya friza. Alikuwa mtu wa namna hiyo, anakumbuka wanao wako darasa la ngapi. Mama Barafu hakukaa. Aliiweka nakala ya barua mezani na kuuliza namba ishirini na mbili alijitoa lini.

Profesa aliisoma barua kana kwamba haijui. Kisha akaeleza taratibu, kwa mifano, kama anavyofundisha. Wale wanne walikuwa hoi tangu mwanzo, alisema, na ilikuwa makosa kuwaingiza. Ukiwatia kwenye hesabu, kidonge kinaonekana kibaya, wafadhili wanakimbia, na maelfu ya watu ambao kingewasaidia wanabaki na steroidi zao na nyuso zao zilizovimba. Mwanasayansi lazima ajue kutenganisha kelele na ukweli. Mama Barafu alimwambia kwamba fundi cherehani aliingia utafitini akitembea kwa miguu yake, na kwamba siku ya kwanza alipanda ngazi akiimba.

Ndipo Profesa alipofungua droo na kutoa karatasi. Ilikuwa imeshachapwa. Ilisema kwamba mwezi wa nne friza namba tatu ilipata hitilafu ya umeme, na sampuli za washiriki wanne zikaharibika kiasi cha kutofaa kupimwa. Chini palikuwa na nafasi ya saini ya mtunza sampuli.

"Nilikuwa nikuite wiki hii," alisema. "Ni karatasi tu, mama. Kamati ya maadili wanapenda mafaili yaliyokamilika."

Mama Barafu aliisoma mara mbili. Baadaye alimwambia mumewe kwamba mpaka dakika ile alikuwa na hasira ya kawaida, ile ya mtu aliyeona jambo baya. Lakini kuambiwa aandike kwa mkono wake kwamba friza yake ilizimika, yeye aliyewahi kuacha chakula cha mgeni mezani akakimbilia jenereta, kulikuwa jambo jingine. Wanataka kuwazika watu mara ya pili, na jembe wamemchagulia yeye.

"Friza yangu haijawahi kuzimika hata dakika moja," alisema.

"Najua."

"Basi saini wewe unayejua."

Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, na kabla ya kutoka akauliza kuhusu wagonjwa watano waliokuwa wodini wakati ule, ambao bado walikuwa wakimeza kidonge kila asubuhi. Profesa alisema wanaendelea vizuri. Alisema pia, kwa sauti ileile ya upole, kwamba mikataba ya maabara inahuishwa mwezi ujao na yeye angependa kuona timu inabaki nzima.

Jioni ile alipitia kwenye kibanda cha kunyolea cha mumewe, chumba kimoja chenye vioo viwili na kiti kinachozunguka kwa shida. Alikaa kwenye benchi mpaka mteja wa mwisho alipokung'utwa shingo na kuondoka, kisha akaeleza yote bila kupumzika. Mumewe alisikiliza huku akifagia nywele. Alikuwa mtu wa amani, na amani yake mara nyingi ilikuwa woga uliovaa kanzu nzuri. Alisema wana watoto wanasoma. Profesa ni mkubwa, na mkono usioweza kuukata wapaswa kuubusu. Waliokufa hawatarudi. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Chini ya hilo kombe kuna watu wanne," Mama Barafu alisema. "Na wengine watano wanasogezwa."

Walibishana. Aliyasema maneno ambayo mke hasemi mbele ya vioo viwili, kwa sababu alijiona anavyoyasema. Alimwita mumewe mtu anayeogopa hata kipara. Mumewe hakukasirika. Aliegemeza ufagio ukutani, akauliza swali dogo ambalo hakukusudia liwe kubwa:

"Wewe ulianza kujua lini?"

Mama Barafu alitaka kujibu leo, ndipo akakumbuka lebo. Miezi mitatu nyuma ofisi ya Profesa ilimletea lebo nane nyekundu zilizochapwa neno moja, alijitoa, na maagizo ya kuzibandika juu ya vichupa vya namba tisa, kumi na nne, ishirini na mbili na thelathini na moja. Alizibandika. Aliona tarehe za dharura zikiwa palepale chini ya kidole chake, akahisi kitu kama mwiba mdogo, akadhani wakubwa wana sababu zao. Alizisawazisha hata kingo zake zisinyanyuke kwenye baridi. Kazi safi.

Walirudi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara. Hasira aliyokuwa nayo kwa Profesa ilikuwa na pa kwenda. Ile aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe haikuwa na mlango, ikabaki ndani inavimba.

Asubuhi iliyofuata aliingia kazini wa kwanza. Mpango wa utafiti, uliosainiwa na Profesa mwenyewe, ulisema sampuli zote zitapimwa kemokini mbili: ile ambayo kidonge kinaiziba, na nyingine ya pili ya kulinganisha. Ya pili ilikuwa bado haijapimwa kwa mtu yeyote. Kila mara ilisemwa itafuata. Kwenye jokofu la kawaida kulikuwa na sahani moja ya kupimia, ya visima vidogo tisini na sita, iliyobakiza siku chache kuisha muda. Alitoa vichupa vya wale wanne, akatoa na vya wagonjwa wengine kumi na wawili ili awe na cha kulinganishia, akavikalisha juu ya barafu. Akavimenya zile lebo nyekundu moja moja kwa kucha. Kisha akafanya alichokijua: kusaga, kuchuja, kudondosha tone kwa tone, kuosha, kusubiri, kuosha tena.

Ikifika hatua ya mwisho, kisima chenye kemokini kidogo hubaki kama maji, na chenye kemokini nyingi hugeuka manjano. Saa nane mchana visima vya wale kumi na wawili vilikuwa na rangi hafifu, kama chai iliyotiwa maji mno. Vya wale wanne viliwaka manjano, mstari mzima, kama pindo lililotariziwa.

Alikaa kwenye stuli akavitazama. Ilikuwa wazi kiasi cha kutia uchungu. Katika watu wale wanne, kidonge kilipoziba wito wa kwanza, uvimbe haukunyamaza. Uliongeza wito wa pili, mara tatu, mara nne zaidi ya wengine. Uliofungiwa mlango ulipigia yowe dirishani, na seli nyeupe zikaja kwa wingi kuliko awali, na maji nyuma yake. Wale wanne hawakuwa kelele. Wao ndio waliokuwa na jibu. Kama wangehesabiwa mwezi wa tatu, mtu yeyote mwenye akili angejua kwamba lazima upime kemokini ya pili kwenye damu tangu siku za mwanzo, ujue nani aendelee na kidonge na nani kitamuua. Profesa alitumia nusu ya maisha yake kulitafutia swali lile jibu, na jibu lilipoletwa kwenye kitanda cha magurudumu akaliandika kuwa limejitoa.

Alipiga ngumi mezani. Alikuwa hajawahi kupiga kitu ndani ya maabara ile, na hata sahani ilitikisika.

Alichukua daftari, ile taarifa ya ukutani na karatasi ya vipimo, akaenda moja kwa moja kwa daktari mpasuaji. Huyu alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno, waliyemwita Mkasi. Yeye ndiye aliyewapasua wote wanne. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye neno alijitoa, alirudi nyuma akalisoma tena.

"Niliandika ripoti nne," alisema. "Kila moja nilisema nashuku kidonge. Niliambiwa zimepokelewa."

Alitembea kwa hatua ndefu mpaka wodini, Mama Barafu nyuma yake akikazana, akaagiza mbele ya wauguzi kwamba vidonge vya utafiti visimame tangu dakika ile na wote watano wapewe steroidi. Muuguzi aliuliza kama Profesa anajua. Mkasi alimjibu kwamba atajua sasa hivi. Kati ya wale watano alikuwemo mama mmoja mwuza vitabu, siku yake ya kumi na tatu. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu jana, na asubuhi alikuwa ametapika. Kwenye chati waliandika chakula kimemkataa. Mkasi alimmulika macho kwa tochi, akasema wamwandalie chumba cha upasuaji. Alipona. Mguu wa kushoto unamburuta kidogo mpaka leo, lakini duka lake la vitabu liko wazi.

Kamati ya maadili iliketi baada ya wiki tatu, kwenye chumba chenye meza ndefu na chupa za maji. Profesa alikuja na faili zilizopangwa kwa rangi. Alisema lilikuwa kosa la uandishi, katibu alichanganya safu mbili. Alisema pia kwamba mtunza sampuli alipima bila ruhusa, kwa sahani iliyokaribia kuisha muda. Mama Barafu aliwasomea mpango wa utafiti, ukurasa na aya, kisha akaiweka mezani ile karatasi ya friza iliyodaiwa kupata hitilafu ya umeme, umeme ambao haukukatika. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwingine aliyeona orodha ya awali. Halafu Bwana Asilimia, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa wa meza, alitoa bahasha mfukoni. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya daftari, namba zile nne, na neno alijitoa mara nne kwa mwandiko wa Profesa. Alikuwa ameihifadhi tangu mwezi wa tatu. Hakueleza kwa nini hakuitoa mapema, na Mama Barafu, ambaye alitamani kumrukia, alikumbuka lebo zake nyekundu akatulia.

Mwashi alipewa dakika tano. Alitumia moja. Alisema wao kwao wakikosea ukuta wanaubomoa, hawapaki rangi. Alisema hakuja kuomba kitu. Alitaka waandike kwamba dada yake alikunywa dawa yao mpaka siku ya mwisho, kwa sababu ndivyo alivyofanya, alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

Mambo yaliishaje? Yaliisha nusu nusu, kama mengi ya namna hii. Majaribio yalifungwa. Profesa alipewa likizo ndefu, na kabla haijaisha akapata kazi mahali pengine, ambako bila shaka anakumbuka watoto wa watu wako darasa la ngapi. Matokeo yote, ya watu arobaini bila kupungua, yalichapishwa na Mkasi na Bwana Asilimia; daktari popote anaweza kusoma sasa kwamba ukiziba kemokini moja uvimbe unaweza kuongeza nyingine. Watu saba wa maabara walipoteza mikataba yao mradi ulipofungwa, na baadhi yao walimpita Mama Barafu kwenye korido kama wanaipita nguzo. Yeye mwenyewe alihamishiwa maabara ya vinyesi, chumba cha chini kisicho na dirisha. Mumewe alijaribu mzaha kwamba ameshushwa kutoka kichwani mpaka mwisho wa safari. Mara hii Mama Barafu alicheka, kidogo, kisha akalia, na mumewe akazima mashine ya kunyolea akakaa naye.

Kamati iliagiza familia nne ziandikiwe barua mpya, na Mama Barafu azilinganishe kwanza na daftari lake. Ya kwanza ilisema kasoro za kumbukumbu. Mama Barafu aliirudisha. Ya pili ilisema matukio yasiyotarajiwa. Aliirudisha nayo. Ya tatu ilisema kwamba mgonjwa alizidiwa akiwa anatumia dawa ya utafiti, kwamba hospitali ilijua, na kwamba iliandika uongo. Hiyo aliikubali, akaomba azipeleke mwenyewe kwa mkono. Hakuna aliyegombania kazi hiyo.

Mwashi aliisoma juu ya jukwaa la ujenzi, akaikunja, akarudi kwenye matofali yake. Familia ya namba kumi na nne walimkaribisha ndani wakalia naye. Ya namba thelathini na moja ilikuwa imehama.

Namba tisa alikuwa karani wa posta mstaafu. Yeye aliishi, lakini maji yale yalikandamiza mishipa ya macho na hakuona tena. Binti yake alimsomea barua sebuleni, kituo kwa kituo, naye alisikiliza uso ukiwa umeelekea dirishani, mikono juu ya magoti. Binti alipomaliza, mzee aliuliza nani ameileta. Mama Barafu aliitaja kazi yake.

"Wewe ndiye mtunza vichupa," mzee alisema. "Kwa hiyo changu kilikuwa kwako muda wote."

"Ndiyo, baba."

"Na ulikuwa unaona."

Angeweza kusema mengi. Angeweza kutaja ofisi aliyopanda bila lifti, sahani ya manjano, kamati, chumba cha chini kisicho na dirisha. Yote yalimjia mdomoni akayaona ni mafuta ya kujipaka.

"Niliona mwezi wa tatu, baba. Nikanyamaza mpaka wa sita."

Mzee alianza kupumua kwa nguvu. Akamwambia aondoke nyumbani kwake. Mama Barafu alisimama, lakini kabla hajafika mlangoni mzee alianza kuzungumza, kwa sauti iliyokuwa ikipanda. Alitaja barua alizochambua kwa miaka thelathini bila kupoteza hata moja. Alitaja wajukuu wawili waliozaliwa tangu wakati ule ambao hajui sura zao. Binti alimsihi atulie, moyo wake si mzuri. Mzee alikataa kutulia.

Mama Barafu alirudi kutoka mlangoni, akasimama katikati ya sebule. Alimwacha aseme mpaka alipomaliza, na ilichukua muda mrefu.